Aachaye sigara asiachwe peke yake

Mtu anapotangaza kuwa ameacha kuvuta sigara, sote humpongeza. Lakini siku tatu nne baadaye, anapokuwa mkali nyumbani, akakosa usingizi na kukaa kimya kama aliyefiwa, sisi hao hao husema, "Afadhali angeendelea kuvuta!" Msomaji, kauli hiyo ni ya hatari.

Huzuni hiyo si udhaifu wala si kudeka. Nikotini iliyo katika tumbaku hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta moshi, na huko huchochea kutolewa kwa dopamini, kemikali inayohusika na hisia za raha. Miaka ikipita, ubongo huzoea kutegemea msaada huo. Sigara inapokatwa, mtu huwa mwepesi wa hasira, hushindwa kutuliza fikira, na moyo wake huwa mzito. Dalili hizi huwa kali zaidi katika juma la kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya majuma mawili hadi manne.

Hata hivyo, kuna wale ambao huzuni yao haiondoki. Walio hatarini zaidi ni watu waliowahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaomwondolea mtu hamu ya kazi, ya chakula na hata ya kuishi. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka wa 2001 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa watu wa aina hiyo waliofaulu kuacha sigara walirudiwa na sonona zaidi kuliko wenzao walioendelea kuvuta.

Je, hii ina maana kwamba waendelee kuvuta? La, hasha! Uchambuzi wa tafiti 26, uliochapishwa mwaka wa 2014 katika jarida la BMJ, ulionyesha kuwa huzuni na wasiwasi vilipungua kwa walioacha sigara kuliko kwa walioendelea, hata miongoni mwa wenye maradhi ya akili. Sigara ya asubuhi haikuondolei huzuni; hukutuliza tu kiu iliyoletwa na sigara ya jana.

Basi dawa si kuahirisha bali kujitayarisha. Ikiwa uliwahi kuugua sonona, mweleze daktari kabla ya kuacha. Ikiwa unatumia dawa za maradhi ya akili, pia mwarifu, kwa sababu moshi wa sigara huufanya mwili umalize upesi baadhi ya dawa hizo, na huenda kipimo chako kikahitaji kubadilishwa. Uliza pia kuhusu chingamu au vibandiko vya nikotini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009. Mwaka wa 2021 liliongeza bupropioni kwa ajili ya kuacha sigara, dawa ambayo pia hutumiwa kutibu sonona.

Lawama yangu ni kwa kampeni zetu. Tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007, Wakenya tumeonywa sana kuhusu mapafu na moyo. Lakini ni nani amemwonya mvutaji kuhusu huzuni ya juma la kwanza? Asiyeonywa hudhani anapatwa na wazimu, naye hukimbilia kibanda cha karibu kununua sigara moja. Mhudumu wa zahanati anayemwambia mgonjwa "acha sigara" anapaswa pia kumwuliza, "Umewahi kushikwa na huzuni nzito?" kisha ampangie siku ya kurudi. Swali hilo halihitaji mtambo wala fedha za wafadhili.

Nawe uliye mke, mume, ndugu au rafiki, una kazi yako. Mvumilie, tembea naye jioni, msikilize bila kumkemea. Ukiona huzuni imepita majuma mawili, au amejitenga na watu, mpeleke kwa daktari. Akianza kuzungumza juu ya kufa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kamwe usimnunulie sigara ili nyumba itulie.