Kuta za Michenzani na Mawimbi ya Waifai
Majumba ya Michenzani, Ng'ambo, yaliyotokana na mpango wa mji uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1968, ni ya zege. Na zege, hasa lenye nondo, hudhoofisha mawimbi ya redio, yale ya gigahezi 5 zaidi ya yale ya 2.4. Mwenye nyumba asiyepata waifai chumbani hununua kikuza-mawimbi, akakichomeka chumbani humo humo. Chombo kisichosikia kitasimulia nini? Kiwekwe pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Hata hapo, vile vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa zamu katika masafa yale yale, na kasi hupungua kwa takriban nusu. Jambo hili wauzaji wangepaswa kulitamka kabla ya kupokea fedha za mnyonge. Waya wa mita 20, japo unachukiza macho ukumbini, hauna kasoro hiyo.