Mlango Uliotukaidi Plateau



Gari la nyumbani kwetu ni la zamani, na kama mzee yeyote lina mazoea yake. Kwa miezi kadhaa mlango wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa haufunguki ila kwa kubembelezwa. Hatukuutengeneza, tuliuzoea. Tukawafundisha watoto kushukia upande wa kulia, na jambo likageuka mzaha wa familia. Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende.

Likizo iliyopita tulisafiri kutoka Mombasa hadi Eldoret kuwazuru jamaa. Siku moja tulisimama Plateau, mji mdogo ulio nje ya Eldoret, kununua maziwa. Mtoto wetu wa miaka sita, kwa utiifu ule ule tuliomfundisha, akafungua mlango wa kulia. Nchini mwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo ashukaye kulia hushukia barabarani. Lori lililosheheni mahindi likapita, nusura liung'oe mlango. Alhamdulillahi, miguu yake ilikuwa bado ndani. Tulinyamaza kitambo, kwani tulijua kwamba kosa halikuwa la mtoto wala la dereva wa lori.

Hatukuondoka hapo kabla ya kumtafuta fundi.

"Mama, gari hili ni la Pwani?" akauliza, akiuchungulia ukingo wa mlango.

"Ndiyo, mwanangu, la Mombasa."

"Nimelijua kwa kutu. Chumvi ya kwenu imeanza kazi, vumbi la kwetu limeimaliza."

Kazi yenyewe haikutimiza saa moja. Tuliyojifunza kwake twayaandika hapa, kwa kuwa mengi yake yaweza kufanywa nyumbani.

Kwanza, hakikisheni ugonjwa. Ikiwa mlango wa nyuma wafunguka kwa nje lakini haufunguki kwa ndani, tazameni kitasa cha usalama wa watoto, kile kiswichi kidogo kilicho ukingoni mwa mlango. Huenda kimesukumwa bila kujua.

Ikiwa mlango umekwama kabisa, msiuvute mshikio kwa nguvu, utavunjika. Mmoja ausukume mlango kwa ndani ya gari, kwa kiganja, huku mwingine akivuta mshikio taratibu. Mara nyingi komeo hulegea mzigo unapoondoka juu yake.

Ukifunguka, safisheni komeo kwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu na mswaki mkuukuu, mpaka uchafu mweusi utoke. Lifuteni likauke, kisha mpake grisi kidogo. Mafuta ya kupikia hayafai: hugandamana na kunasa vumbi, na ugonjwa hurudi mkubwa zaidi.

Tundu la ufunguo lina tiba yake. Ndani yake mna vibati vyembamba na springi ndogo, na grisi huvinatisha. Kikwaruzeni kiini cheusi cha penseli mpate unga laini, mpake ufunguo, kisha muuingize na kuuzungusha mara kadhaa. Na ikiwa ufunguo umelika meno, chongesheni mpya kwa kufuata ule wa asili ikiwa bado mnao, kwani nakala ya nakala huzidi kupotoka.

Kabla ya kuufunga tena mlango, lijaribuni komeo mlango ungali wazi. Lisukumeni kwa bisibisi mpaka lijifunge, kisha vuteni mshikio. Likiachia, fungeni mlango. Lisipoachia, mwiteni fundi. Yamkini waya au fimbo ya ndani imechomoka.

Sisi wa Pwani tuna sababu nyingine ya kutolidharau jambo hili. Gari lililofungwa juani huweza kuzidi joto kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10 tu. Mtoto aliyenaswa ndani hana muda wa kungoja ufunguo ubembelezwe.

Leo, kabla ya Magharibi, zungukeni gari lenu. Fungueni kila mlango kwa nje, kisha kwa ndani. Wenye kupanda gari la shule au la jirani, waulizeni wanaolimiliki, kwa adabu. Watoto ni amana, na tusiwafundishe kuishi na hitilafu ambayo sisi wazazi twaweza kuiondoa kwa mswaki na grisi kidogo.

Wabillahi tawfiq.