Vitu vya hadithi si takataka



Nina maoni yangu juu ya jambo ambalo walimu wenzangu wamelifanya kichekesho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na ninakusanya vitu vyenye hadithi za La Fontaine. Sanduku langu halina mali: stempu sita za Ufaransa nilizopewa na mtawa wa zahanati, sahani moja yenye ufa niliyoinunua mnadani kwenye mitumba, na vitabu vya kusomea vya zamani kumi na vinne. Wenzangu wananiita Mwalimu Makopo.

La Fontaine alizaliwa mwaka 1621 katika mji wa Château-Thierry, na mwaka 1668 alianza kutoa hadithi zake za wanyama kwa mashairi. Nyingi alizichukua kwa Esopo wa Uyunani. Watoto wa Ufaransa wanafundishwa kuzisema kwa moyo mpaka leo. Lakini hazikukaa vitabuni tu. Katika karne ya 19 zilichapwa kwenye sahani, hata mtoto akimaliza chakula chake anamkuta mbweha pale chini akimsifu kunguru mwenye jibini. Wenye viwanda vya chokoleti nao walitia kadi za rangi katika pakiti zao. Mwaka 1995, ilipotimia miaka 300 tangu afariki, Posta ya Ufaransa ilitoa stempu sita za hadithi zake. Ndizo hizo nilizo nazo.

Wapo wanaosema kukusanya vikombe na sahani ni mchezo wa matajiri. Nakubali nusu. Mtu anayeficha sahani kabatini akingoja bei ipande simtofautishi na mlanguzi wa sukari. Lakini je, ile kadi ya chokoleti nani angeitunza? Maktaba haikuitaka. Mtoto aliichezea mpaka ikachanika. Huko Marekani, Padri Gregory Carlson wa Shirika la Wajesuiti alikusanya vitabu na vitu vya hadithi hizi kwa maelfu, zikiwemo sahani, kadi na stempu, na mkusanyo huo uko Chuo Kikuu cha Creighton, mjini Omaha. Vitu vikiwekwa pamoja namna hiyo ndipo unapoona hadithi ilivyosafiri. Mwaka 1894, kwa mfano, hadithi za La Fontaine zilichapwa Tokyo kwa michoro ya Wajapani, na wanyama wale wa Ufaransa wakajikuta katika nchi ya Japani.

Nasi tunayo safari yetu. Mbweha wa Esopo alizikosa zabibu. Kwetu ni sungura aliyezikosa ndizi akazisingizia ubichi. Nani aliyembadilisha? Katika kitabu gani, na kwa mkono wa mchoraji gani? Huwezi kujibu bila vitabu vyenyewe kuwa mbele yako.

Inasikitisha kwamba katika shule niliyokuwa nikifundisha zamani, vitabu vipya vilipofika, vya zamani viliamriwa vitolewe stoo siku hiyo hiyo. Nilirudi kutoka mjini kufuata mshahara nikakuta vingine vimekwisha kuwa majivu, na vingine viko kwa mama muuza maandazi. Nilinunua maandazi ya shilingi elfu mbili, wala sikuwa na njaa. Karatasi mojawapo ilikuwa na sungura ameruka juu, mikono hewani, na doa la mafuta limefunika mgomba wote. Yule mama aliponiona nalainisha karatasi badala ya kula, alinihurumia akaniuzia vile kumi na vinne vilivyobaki.

Naomba kila kituo cha walimu kitenge kabati moja tu kwa vitabu hivi, picha za ukutani na hata michoro ya wanafunzi. Atakayeleta kitu aandike kwenye kikaratasi kilitoka wapi, mwaka gani, na nani alikitumia. Sahani yangu sikuifanyia hivyo siku ya mnada, na muuzaji sijamwona tena.

Na msomaji mwenye kitabu cha zamani chenye sungura na ndizi, kabla hajakipeleka kwa muuza maandazi, tafadhali asome kwanza jina la mchoraji aniandikie kupitia ukurasa huu.

Mwalimu wa kijijini,
Kondoa.