Sigare za Kuba: bei inapanda, anayeviringa anapata nini?

Mwezi wa pili 2025, kule Havana, wakubwa wa kompanyi Habanos S.A. walitangaza mauzo yao ya mwaka 2024: dola milioni 827. Mwaka 2023 ilikuwa milioni 721, na 2021 milioni 568. Kwa miaka mitatu mauzo yamepanda karibu nusu. Ukisikia hesabu ya vile, ni mwepesi kusema: faida mingi! Hapana, ndugu. Ile ni feza yote yenye iliingia, mbele ya kulipa tumbako, masanduku, usafiri na mishahara. Faida ni kile kinabakia nyuma, na ile hesabu ya 827 haituambie hata kidogo.

Tuangalie kwanza namna gani mauzo yalipanda. Kuba haikulima zaidi. Mwezi wa tisa 2022 zoruba kubwa iliyoitwa Ian ilipita Pinar del Río, jimbo lenye kutoa majani ya maana kupita yote, na ikaangusha vibanda vya kukaushia tumbako karibu 10 000. Butike za Ulaya zililia kukosa mali. Na Marekani, soko kubwa ya sigare duniani, imefungwa kwa Kuba tangu 1962.

Basi feza ilitokea wapi? Kwa bei. Mwaka uleule wa 2022 kompanyi iliamua Cohiba na Trinidad ziuzwe bei moja dunia nzima, ya juu, sawa ya Hong Kong. Kwa nchi mingi za Ulaya bei ikapanda mara mbili na kupita. Watajiri wakalipa. Leo China njo mnunuzi wa kwanza.

Sisi wa kobalti tunaelewa ile hesabu. Mwezi wa pili 2025 Serikali yetu ilifunga njia ya kobalti kutoka inchi, kisha mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila kompanyi. Mali ikapungua kwa soko, bei ikapita mara mbili. Kuuza kidogo kwa bei kali, inawezekana. Lakini bei ya mali na mshahara wa mtu, kila moja iko na njia yake.

Habanos ni nusu ya Serikali ya Kuba, kupitia Cubatabaco, na nusu ya wenye feza wa inje. Ile nusu ya inje ilikuwa ya Imperial ya Uingereza. Mwaka 2020 Imperial iliuza biashara yake yote ya sigare za bei kubwa, pamoja na ya Marekani, kwa euro miliari 1,2 na zaidi. Nusu kwa nusu, si kidogo: huku kwetu Gécamines iko na 20 kwa mia tu ndani ya Tenke Fungurume. Tena wanauza kwa mnada masanduku ya fahari, na ile feza inaenda kwa matunzo ya wagonjwa. Mwaka 2025 ilipita euro milioni 16. Tunasifu, juu inaonekana.

Lakini anayeviringa, torcedor, anaviringa karibu mia kwa siku kwa mikono yake, na analipwa kwa peso. Mwaka 2021 Serikali iliweka dola moja kwa peso 24. Kwa barabara, mwaka 2024, dola ilipita peso 300. Sigare inauzwa kwa euro, mchele unafuata dola, mshahara unabakia kwa peso. Mama wa Kolwezi mwenye kupokea franga za bwana yake na kukuta duka limeandika bei kwa dola hahitaji mwalimu wa kumuelezea.

Kitu kimoja cha wale wenzetu tunakitamani. Tangu 1865, ndani ya viwanda vya Havana, mtu anakaa juu ya kiti kirefu na kuwasomea wafanyakazi gazeti asubuhi, kitabu mchana. Zamani wenyewe walichanga feza ya kumlipa. Jina Montecristo lilitoka kwa kitabu walichopenda kusikia. Ni watu wenye kujua habari ya dunia huku mikono inafanya kazi.

Ba delege wetu, mkikaa tena na wakubwa juu ya mishahara, musikubali kuonyeshwa tu hesabu ya mauzo ao tu bei ya Londres. Ombeni tani ngapi zilitoka, faida iliyobakia, na sehemu ya mishahara ndani yake, yote kwa karatasi moja, yenye sinyatire.