Vijana wetu na hadithi za mashine

Baadhi ya vijana wetu wameanza kutunga hadithi za kubuni za kisayansi, na karibu zote zafuata njia moja: mwaka wa mbali, mji unaotegemea mashine kwa kila jambo, kisha umeme unazimika na watu wanakanyagana njiani kwa hofu. Nawasifu kwa kuthubutu. Ila hofu hiyo ni ya kuazima. Kwetu Lubumbashi au Kolwezi umeme ukizimika, mama huwasha mbabula, mtoto hutafuta mshumaa, na jirani mwenye jenereta huanza kuhesabu mafuta yake. Hakuna anayekimbia.

Njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1909 Mwingereza E. M. Forster alitoa hadithi fupi iitwayo The Machine Stops, yaani Mashine Yasimama. Humo wanadamu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake chumbani, na kwa kubonyeza kitufe hupata chakula, muziki, hata sura ya rafiki aliye mbali. Mama Vashti haoni sababu ya kusafiri kumwona mwanawe Kuno, maana Mashine yamwonyesha sura yake. Wengi hukumbuka mwisho, Mashine inaposimama na watu kufa. Mimi napenda zaidi yale yanayotangulia: muziki unaharibika, maji ya kuoga yananuka, watu wanalalamika kidogo, kisha wanazoea. Utegemezi ulikuwa umekwisha kukamilika hapo, Mashine ingali inaunguruma.

Mtunzi wa kwetu aweza kujifunza hilo bila kwenda mbali. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa amri ya serikali, ikarudi baada ya wiki tatu hivi. Asiandike kilio tu. Aulize mambo madogo: ni mfanyabiashara gani aliyekuwa bado na daftari la karatasi? Nani alikwenda kwa miguu kwa jirani kuuliza habari aliyozoea kuisoma kwenye simu, na walipokelewana vipi?

Lakini kuna jambo ambalo Forster hakuligusa, nalo liko chini ya miguu yetu. Katika hadithi yake hatumwoni mtu anayechimba madini ya Mashine. Nasi twajua kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, na kwamba imo katika betri nyingi za simu na za magari ya umeme. Basi utegemezi una pande mbili: sisi twangojea simu kutoka ng'ambo, na ng'ambo wangojea sururu ya mchimbaji. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda aweza kungoja miezi, akiwa na akiba ghalani; anayeuza gunia lake jioni ili watoto wale usiku hawezi.

Tena viwanda havikulala. Betri zisizo na kobalti, zinazotumia chuma na fosfati, tayari zinatengenezwa kwa wingi. Hapo ndipo naona hadithi inayotuhusu, na ambayo mtunzi wa London hawezi kuiandika kwa niaba yetu. Yeye huogopa siku mashine itakaposimama. Sisi tuna sababu ya kufikiria siku itakapoendelea vizuri kabisa bila kutuhitaji, huku sisi bado twaihitaji.

Kijana mwenye kalamu na aanzie asubuhi hiyo, huko Kolwezi. Mizani ipo mahali pake, magunia yamepangwa tangu jana, na mnunuzi hajafika. Mchimbaji anatoa simu mfukoni ili aulize kulikoni. Betri imejaa, mtandao upo, na upande wa pili simu inaita bila kupokelewa.