Anayejifunza ngoma akae wapi?

Na Kabula Maduhu

Kiongozi akija ziarani Shinyanga au Geita, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni ngoma. Kikundi kimeshashushwa kwenye Fuso tangu asubuhi, kimevaa sare, kimekaa juani mpaka saa saba. Msafara ukifika, majembe yanarushwa juu na kudakwa, chatu anazungushwa shingoni, mgeni rasmi anatikisa kichwa dakika tano, mshereheshaji anachukua maiki: "Makofi kwao!" Posho inagawanywa nyuma ya jukwaa, mara nyingine kwa ugomvi. Mpaka ziara nyingine tena.

Sina neno na vikundi hivyo, nao wanatafuta riziki. Ninayemfikiria ni mtu mwingine: mwalimu wa shule ya msingi Kishapu, mwenye duka Kahama, mchimbaji wa Nyarugusu anayetaka tu kujua kupiga. Hataki sare wala posho, wala hana wa kushindana naye. Anataka jioni moja kwa wiki akae na wanaojua, apige, akosee, arudi kwake akalale. Mtu huyo hana pa kukaa.

Waireland wamempa mahali. Kwenye baa za kwao wapiga fidla, filimbi na kodiani hukaa kuizunguka meza, wengine wakiwapa wateja mgongo, na nyimbo zinafuatana bila karatasi. Anayejifunza hukaa pembeni. Wimbo anaoujua anaingia. Asioujua anatulia na kuusikiliza, maana wiki ijayo utarudi. Wengi wao si wanamuziki wa kulipwa. Francis O'Neill, mhamiaji aliyetoka Cork, alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, na kazi hiyo haikumzuia kukusanya nyimbo za kwao midomoni mwa wahamiaji wenzake, wakiwemo askari wake. Mwaka 1903 alichapisha kitabu chenye nyimbo 1,850. Hebu mfikirie kamanda wetu wa polisi wa mkoa akifanya hivyo!

Wamarekani wanaopiga bluegrass, muziki uliopata sura yake kwenye bendi ya Bill Monroe miaka ya 1940, nao wana vikao vya namna hiyo, vingine vya mwendo wa pole kwa ajili ya wageni wa ala. Banjo wanayoringia ilitokana na ala walizokwenda nazo watumwa kutoka Afrika Magharibi. Ndiyo maana mwaka 2005 Béla Fleck, bingwa wa banjo mwenye tuzo za Grammy kabatini, alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Hapa kwetu alikaa na Anania Ngoliga, mpiga ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, asiyeona, wakapigiana na kufuatana. Filamu ya safari hiyo, Throw Down Your Heart, ilitoka 2008. Bingwa huyo alivuka bahari kuja kukaa kando ya Anania. Sisi tulio jirani na mabingwa wetu tunawasubiri kwenye mapokezi.

Na si kwamba Usukumani hatukuwa na mahali. Wigaashe ni ngoma ya kukaa: watu wako kwenye mabenchi, manju, kiongozi wa nyimbo, anatoa, wengine wanaitikia huku miili ikiyumba pamoja, na aliye mwisho wa benchi anajifunza kwa kumfuata aliye karibu naye. Wagalu na Wagika, wafuasi wa manju wawili mahasimu, Gumha na Ngika, walicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji upande wake. Lakini nyuma ya mashindano hayo kulikuwa na shamba. Vijana walilima kwa kikundi, mstari ukienda na ngoma, na asiyejua wimbo aliupata humo humo akiwa na jembe mkononi. Wasukuma walipohamia Geita kwa wingi miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ikiwahimiza wakatafute ardhi, walikwenda na ng'ombe, mbegu za pamba na nyimbo hizo. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya zaidi ya 300 katika kitabu kilichotoka 2010. Kimeandikwa Kiingereza, na kwa bei yake unapata mbuzi kadhaa.

Shamba lile limekwisha. Jembe la ng'ombe halihitaji mstari wa watu, na kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hakuna anayengoja kiitikio. Pale kwenye machimbo ya Mgusu karasha la kusagia mawe likiwaka husikii hata simu yako. Sauti ya Usukuma iliyobaki kijiweni ni ya akina Bhudagala Mwana Malonja kwenye spika ya bodaboda, na mimi naipenda, kinanda chake na yote. Ila spika haimfundishi mtu.

Nasema hivyo kwa kuwa najifunza zeze, kwa mzee mmoja wa upande wa Ukenyenge. Babu hana noti wala somo la kwanza. Anakiegemeza kibuyu kifuani, anapaka utomvu kwenye upinde, anaupiga wimbo wote mpaka mwisho, kisha anaurudia wote. Ukimwomba apunguze mwendo anakutazama kama umemwomba atembee kinyumenyume. Nikamrekodi kwa simu, nyumbani nikaipunguza rekodi kasi kwa nusu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nilichodhani ni pigo moja ni mawili: kidole kinaachia uzi kabla upinde haujageuka. Nilipomsikilizisha alicheka sana. "Huyu kalewa, mjukuu wangu. Mpeleke akalale."

Simu inasaidia, basi, lakini haikai na wewe kwenye benchi. Tunahitaji chumba. Timu ya soka ya Stand United ilianzia kwa watu wa stendi pale Shinyanga na mwaka 2014 ikapanda Ligi Kuu, kwa sababu uwanja wa kuchezea hao wasio na jina ulikuwepo. Wa kukisaidia chumba hicho naye yupo: sheria ya madini tangu marekebisho ya 2017 inautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati vitangulie, sawa. Mabenchi kumi na nauli ya mzee mmoja kutoka kijijini havitaiangusha bajeti, na afisa utamaduni anaweza kuanza kesho kwa kufungua tu ukumbi uliofungwa jioni. Kusiwe na mshindi, wala maiki, wala mgeni rasmi.

Watauliza: Geita ya sasa ina Waha, Wahaya, Wakurya, Wazinza wenyewe, sasa ngoma ya nani? Ya aliyekuja. Mha aje na yake, Msukuma aitikie vibaya mpaka aipate.

Pingamizi lililonipa kazi ni la manju mmoja niliyemweleza haya. Nyimbo zina wenyewe, alisema, na ngoma ina dawa zake. Huwezi kummwagia kila mpita njia. Ana haki. Dawa zibaki kwao, na nyimbo za mashindano pia. Nilimwomba zile za kulimia tu, ambazo kila mtu aliwahi kuzijua. Akanyamaza, akauliza nani atalipa. Nikasema hakuna. Akauliza kama chai itakuwepo.