Kukodi filamu Kasongo: saa 48 hazimtoshi mwenye betri moja

Mei 2025, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipa kampuni ya Starlink leseni ya kutoa intaneti ya setilaiti, mwaka mmoja na ushee baada ya kuipiga marufuku Machi 2024. Kwa miji isiyofikiwa na nyaya, kama Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema, hatua hiyo imeleta ahadi nyingi. Mojawapo ni sinema ya nyumbani: mtu akae sebuleni kwake, achague filamu mpya, alipe kidogo kuikodi na aitazame papo hapo ikitiririka kutoka mtandaoni, picha ikiwa safi na sauti ikimzunguka pande zote.

Hamu hiyo haina ubaya. Mwalimu wa Kasongo aliyemaliza wiki ya kazi anastahili starehe ile ile anayoipata mwenzake wa Nairobi. Tatizo ni kwamba huduma hiyo, kama inavyouzwa leo, ilitengenezewa nyumba ambayo umeme haukatiki, mlipaji ana kadi ya benki, na watazamaji wanasikia Kiingereza au Kifaransa. Ikiletwa Maniema bila kurekebishwa, watakaoifaidi ni wachache wenye dishi na jenereta, na wengine wote wataendelea na flashi.

Flashi yenyewe isidharauliwe. Kwa miaka mingi sasa filamu zimeingia katika nyumba za mashariki mwa Kongo kupitia kijana mwenye kompyuta na paneli ya sola, katika kibanda kando ya soko. Mteja anampa flashi au memori kadi, anachagua kwenye orodha, anatoa franka zake na kuondoka na filamu tano. Kijana huyo ndiye anayechaji simu na kuuza nyimbo. Anajua nani anapenda za Kichina za kupigana, nani za Kinigeria, na mama gani anasubiri tamthilia yake iendelee. Kabla ya flashi zilikuwa DVD, na ndizo zilizomfanya Steven Kanumba apendwe mashariki mwa Kongo, mbali na Dar es Salaam alikofariki tarehe 7 Aprili 2012. Mzunguko huo una dosari moja kubwa: nakala zikishaanza kunakiliwa, aliyetengeneza filamu hapati kitu. Lakini umeweza kufanya jambo ambalo majukwaa makubwa bado hayajaweza, nalo ni kufika.

Hesabu ya umeme inaeleza kwa nini. Nchini Kongo ni takribani mtu 1 tu kati ya 5 mwenye umeme, na vijijini hali ni mbaya zaidi. Anayetaka taa na televisheni mbali na miji mikubwa hutegemea paneli na betri, au jenereta kwa mwenye uwezo wa mafuta. Televisheni ya kisasa ya inchi 32 hula wati 50 hivi. Spika za kawaida huongeza kama wati 30. Dishi la kawaida la Starlink, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, hula wastani wa wati 75 hadi 100 likiwa kazini. Maana yake ni kwamba dishi linakula kuliko televisheni. Filamu ya saa 2 inayotiririka kutoka mtandaoni itatumia zaidi ya wati-saa 300. Filamu hiyo hiyo ikichezwa kutoka kwenye flashi itatumia 160 tu.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo kwa familia nyingi ni mali ya kulindwa, hubeba wati-saa 1,200. Anayetaka idumu haiteremshi chini ya nusu, kwa hiyo ana 600 za kutumia kwa taa, simu za watu wote nyumbani, redio na televisheni. Filamu moja ya kutiririka inamaliza nusu ya akiba hiyo na zaidi. Lipo dishi dogo la kampuni hiyo linalokula wati 25 hadi 40, na kwa mwenye paneli mbili hilo ndilo la kufikiria. Hata hivyo halibadilishi mantiki ya jambo: kuacha mtambo ukiwaka saa 2 ili kuleta kitu ambacho kingeweza kuletwa mara moja na kuhifadhiwa ni kumwaga umeme.

Hapo ndipo linapokuja suala la muda. Katika maduka makubwa ya kukodi filamu, kama la Apple na la YouTube, kwa kawaida mteja hupewa siku 30 za kuanza kutazama. Akishabonyeza kuanza, ana saa 48 za kumaliza, kisha filamu inafungwa. Kwa mtu wa Paris, saa 48 ni ukarimu. Kwa familia ya Kabambare katika msimu wa mvua, ni mtego. Jumamosi jioni filamu inaanza, betri inazima katikati, Jumapili jua halitoki, Jumatatu mawingu ni yale yale. Jumanne paneli inapata jua na filamu imekwisha kufungwa. Pesa imelipwa, mwisho wa hadithi haujaonekana, na mteja anaombwa alipe tena. Mvua kubwa pia hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, na hiyo hiyo ikipiga kwenye bati hakuna spika itakayoshindana nayo.

Kuhusu picha, habari ni nzuri kuliko matangazo yanavyodokeza. Netflix inashauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha kamili ya HD na 15 kwa ile ya 4K, na inakadiria kwamba picha ya HD hutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa, ya 4K hadi 7. Filamu ya saa 2 basi inaweza kufika gigabaiti 6 au 14, mzigo wa kuvunja moyo kwa anayenunua vifurushi vya simu. Lakini kwenye skrini ya inchi 32, akikaa umbali wa mita 3, mtazamaji wa kawaida hataona tofauti kubwa kati ya HD kamili na ile ya chini yake inayohitaji megabiti 3 tu. Hakuna haja ya kulipia nukta ambazo jicho haliwezi kuzihesabu. Atapata faida zaidi akiweka pazia zito dirishani na kuondoa ule mpangilio wa rangi kali ambao televisheni nyingi hutoka nao dukani, unaofanya nyuso za watu zing'ae kama zimepakwa mafuta.

Sauti ndiyo inayostahili umakini zaidi, kwa sababu televisheni nyembamba za siku hizi zina spika ndogo zilizoelekezwa chini au nyuma. Mfumo unaoitwa 5.1 una spika 5, yaani 3 mbele na 2 pembeni au nyuma ya watazamaji, pamoja na sanduku 1 la besi. Ukipangwa vizuri, gari linasikika likitoka nyuma na kupita, na mtoto anageuka kuangalia mlango. Ni raha ya kweli. Lakini maneno ya waigizaji hupitia zaidi spika ya katikati, na hapo ndipo penye lawama inayojulikana kila mahali: milio ya risasi inapasua masikio, mazungumzo hayasikiki. Mara nyingi chanzo ni sauti iliyopangiwa spika sita kubanwa katika spika mbili za televisheni. Majukwaa mengi yana sehemu ya kuchagua sauti. Asiye na seti kamili achague ile ya kawaida ya spika mbili badala ya 5.1, na maneno yatarudi. Spika mbili nzuri, zikiwekwa usawa wa masikio kulia na kushoto kwa televisheni, katika chumba chenye mkeka na mapazia, zinaipita seti ya bei rahisi ya spika sita zilizotundikwa ovyo darini.

Yote hayo yakiwa sawa, bado linabaki swali ambalo mafundi hawaulizi: sauti hiyo safi inasema nini, na kwa nani? Bibi wa Kasongo anayezungukwa na spika sita zinazozungumza Kiingereza anazungukwa na kelele nzuri tu. Kiswahili si mgeni katika eneo hili. Kilifika na misafara ya karne ya 19 kutoka Ujiji, Kasongo ukawa mji mkuu wa himaya ya Tippu Tip, na Kabambare, ambayo Livingstone aliiandika Bambarre alipokaa huko karibu na mwaka 1870, ilikuwa kituo kwenye njia hiyo. Kilikuwa lugha ya soko kabla bendera ya Ubelgiji haijapandishwa. Zaidi ya miaka 150 baadaye, maduka ya filamu yanamhesabu Mkongo kuwa mtu wa Kifaransa na kumaliza kazi hapo.

Watu walijitafutia dawa. Tanzania ilimpata Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, Uganda ikawapata akina VJ Jingo kwa Kiganda: wasimulizi wanaopaza sauti juu ya filamu ya kigeni, wakieleza, wakitania, wakimpa shujaa wa Hollywood jina la mtaani. Mtaalamu wa sauti atasikitika, maana sauti ya msimulizi inafunika kazi yote ya spika. Mtazamaji hasikitiki, kwa sababu ameelewa. Kati ya sauti bora isiyoeleweka na sauti mbovu inayoeleweka, Afrika Mashariki imekwisha kuchagua.

Na si kwamba filamu za Kiswahili zenye viwango hazipo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Tamthilia ya Kenya, Country Queen, iliyoingia Netflix mwaka 2022, inazungumza Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Kenya na inasimulia kijiji kinachotishiwa na kampuni ya dhahabu. Watu wa Salamabila, walioishi kando ya mgodi wa Namoya chini ya kampuni ya Banro hadi iliposimamisha kazi mwaka 2019, wasingehitaji kuelezwa hadithi hiyo inahusu nini. Ingefaa waione kihalali, kwa bei wanayoimudu, kabla haijawafikia kwa nakala ya nakala.

Ndiyo maana mjadala wa nani atanunua dishi ni mdogo mno. Kinachohitajika ni filamu kushushwa mara moja kwa mji mzima, usiku wakati mtandao hauna msongamano, ikahifadhiwa katika kompyuta ndogo pale pale kwenye kibanda cha flashi, kisha ikakodishwa kutoka hapo. Mteja aje na simu au flashi yake, alipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, aende nyumbani na faili lenye kufuli la muda. Si ndoto. Kampuni ya Kenya, BRCK, kupitia huduma yake ya Moja, iliweka vifaa vyenye burudani iliyohifadhiwa ndani ya matatu, na abiria wakatazama bila kila mmoja kuvuta data yake kutoka mbali. Kabambare inaweza kufanya hivyo kwa paneli moja na dishi moja, badala ya madishi mia yasiyo na umeme.

Kwa njia hiyo kijana wa kibanda anakuwa wakala mwenye asilimia yake. Leo, kwa mujibu wa sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, anachokifanya ni kosa, na kila mtu anajua kwamba kumkamata hakutamlipa mtunzi hata franka moja. SOCODA, shirika la Kongo la kukusanya haki za watunzi lililoanzishwa mwaka 2011, lina sababu ya kumwona kama mtoza malipo aliyekwisha kufika mahali ambapo maofisa wake hawafiki. Wakala aliyesajiliwa pia anaweza kuulizwa ni filamu gani anawapa watoto, swali ambalo leo hakuna wa kumuuliza.

Serikali nayo ina chombo. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inautambua mfuko wa huduma kwa wote, uliokusudiwa hasa kwa maeneo ambayo wafanyabiashara hawaoni faida kwenda. Kusini mwa Maniema ni eneo la namna hiyo, na mtambo mmoja wa pamoja unaohifadhi filamu jioni unaweza kuhifadhi masomo ya shule asubuhi. Wenye filamu, kwa upande wao, wanaweza kuanza na badiliko dogo lisilohitaji mnara wala sheria mpya: mteja wa eneo lisilo na umeme wa uhakika apewe saa 48 za kutazama, zinazohesabiwa televisheni ikiwa imewaka, na kusimama betri inapozima.